Deni la Muuza Samaki

Alhamisi ya tarehe 13 Oktoba 2022, saa tatu usiku, nilifuta hesabu za watu ishirini na saba kwa kidole kimoja. Nilikuwa natafuta nafasi kwenye flashi ya GB 4, mpwa wangu aniwekee video ya kicheni pati ya dada yake, na flashi ilikuwa imejaa hadi shingoni. Nikatazama yaliyomo: picha za zamani, kaswida nilizozipakua mara mbili mbili, barua za shule. Nikayachagua yote kwa mkupuo, nikabonyeza kufuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika sana. Swali hilo huulizwa kila siku, na kila siku mtu hujibu ndiyo, kwa hiyo siku linapoulizwa kwa haki hakuna anayelisikia.

Folda la kikundi lilikuwa katikati, baina ya kaswida na barua.

Ndani yake mlikuwa na faili moja tu la maana, HISA2022, jedwali la Excel lenye kurasa nne: hisa, mikopo, marejesho, faini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini Jumamosi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Ngamiani, Tanga. Tuko ishirini na saba, wanawake watupu isipokuwa fundi cherehani mmoja aliyejiunga akisema kwa wanaume wenzake fedha hazikai. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kila Jumamosi alasiri mtu hununua hisa moja hadi tano. Anayekopa hapiti mara tatu ya akiba yake, na hurudisha na ada juu. Tunaiita ada kwa sababu wengi wetu neno riba hatutaki hata kulisikia. Desemba tunavunja, kila mmoja anaondoka na chake. Oktoba, basi, ni mwezi ambao kila mtu ameshaanza kuutumia mgao wake kichwani: huyu bati, yule sare na madaftari ya Januari.

Vitu unavyofuta kwenye diski ya kompyuta yenyewe huenda kwanza kwenye pipa la taka, ambalo Windows imekuwa nalo tangu toleo la 1995, ukijuta unavirudisha. Vya kwenye flashi haviendi huko. Hilo sikulijua. Nilifungua pipa nikitarajia kulikuta faili langu limejilaza humo kama leso iliyoanguka nyuma ya kitanda, nikakuta picha mbili za ng'ombe ambazo hata sijui ni za nani. Nikachomoa flashi, nikaichomeka tena. Nikaichomoa, nikaipuliza. Usicheke, na wewe umewahi kupuliza.

Laiti ningeishia kupuliza. Kesho yake, Ijumaa, ilikuwa Siku ya Nyerere, mapumziko, na kila fundi niliyempigia simu yuko shamba au msibani. Nikabaki nyumbani na aibu yangu siku nzima. Ile aibu ikaanza kunishauri: wewe ndiye katibu, namba zote umeziandika kwa mkono wako, unazo kichwani, utawasumbua watu kwa lipi? Nikafungua jedwali jipya, nikaliita HISAMPYA, nikaanza kujaza majina. Nilichokumbuka nikaandika. Nisichokumbuka nikakadiria. Nilipochoka kukadiria nikabuni, na katika kubuni nilikuwa mwangalifu kweli kweli: nikahakikisha jumla inalingana na fedha zilizomo sandukuni, maana hiyo tarakimu moja nilikuwa nimeinakili kwenye bahasha ya dawa. Kila baada ya majina matatu manne nilihifadhi, kwa kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na nilihifadhi palepale, kwenye flashi ileile.

Jumamosi nikawasomea hesabu kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Hakuna aliyepinga. Na kwa nini hakuna aliyepinga, hapo pana kisa chake.

Vikundi vya mtindo huu vilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma. Hesabu zikawekwa vichwani. Utaratibu huo umesafiri mpaka kwetu pamoja na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mshikaji wake. Tulipoanza, kabla ya kufunga sanduku mwenyekiti alikuwa anauliza, "Tumefunga na ngapi?" na watu wote wanaitikia tarakimu kwa sauti moja, kama watoto wangu wa darasa la kwanza. Jumamosi inayofuata, kabla ya kufungua, anauliza tena. Asiyekumbuka anatoa shilingi 500.

Januari 2022 nikaja na laptopu ya kijana wangu. Nikawaambia kuitikia ni mambo ya zamani, kila kitu kimo humu. Nikabonyeza, na jumla ikajitokeza yenyewe chini ya safu. Wakapiga makofi. Mwenyekiti akaacha kuuliza, watu wakaacha kukumbuka, na vile vitabu vidogo vya hisa vya kugongwa muhuri vikaanza kusahauliwa majumbani. Kufika Aprili hapana aliyekuja nacho. Nilijisifu sana kipindi kile. Leo naona nilichofanya: nilivichukua vichwa ishirini na saba nikavitia katika kitu chenye ukubwa wa kidole gumba, nikakitundika pamoja na funguo za nyumba.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilisoma, nao wakasikiliza. Yupo mmoja tu aliyesikiliza kwa masikio ya zamani.

Nilikuwa nimeshafika kona ya mtaa wetu niliposikia naitwa. "Katibu! Hebu nisubiri." Ni mwenzetu anayefuata samaki Deep Sea alfajiri na kuwakaanga jioni mbele ya nyumba yake. Ananizidi miaka kama kumi, na hana desturi ya kufuata mtu njiani.

"Deni langu umelisoma laki moja na hamsini."

"Ndiyo, dada."

"Nadaiwa laki moja na themanini."

Nikamwambia pengine amesahau rejesho moja. Nikikumbuka hapo mpaka leo masikio hunipata moto: mtu kanifuata mwenyewe nimwongezee deni, nami nakazana kumpunguzia. Aliweka ndoo chini. Magamba yalikuwa yamemkaukia mikononi mpaka karibu na viwiko, yanang'aa juani kama pesa za sarafu.

"Mimi hiyo kompyuta yako siijui," akasema. "Lakini deni langu nalijua. Nalala nalo."

Akanyanyua ndoo, akaenda zake.

Jumatatu baada ya vipindi nilikwenda kwa fundi mmoja karibu na soko la Mgandini. Kijana wa miaka ishirini na ushee, kibanda chake kimebanwa na duka la vitenge upande huu na muuza chaji za simu upande ule. Akaniamkia, nikaitika, nikamweleza kilichonileta. Hakuigusa flashi. Aliuliza kwanza.

"Mama, baada ya kufuta, umeandika kitu chochote humu?"

Nikasema hapana. Uongo ukishazoea njia hausubiri kutumwa.

Akachomeka flashi, akafungua programu moja ya bure iitwayo Recuva, na wakati inatafuta akanieleza mambo kwa namna ambayo mimi mwalimu wa miaka ishirini na mbili ningeionea wivu. "Unajua habari za viwanja, mama?" Nani mjini hapa asiyejua habari za viwanja. "Basi kufuta faili ni kama jina lako kukatwa kwenye daftari la ardhi. Nyumba haijabomolewa. Mlango upo, choo kipo, hata sufuria ziko jikoni. Ila daftari linasema hapa ni pori, pako wazi. Ubaya unaanza pale akipewa mtu mwingine, akaja na matofali yake."

Baadaye nilisoma zaidi nikakuta kijana hakuwa anatia chumvi. Kwenye flashi nyingi za aina ile, kompyuta inapofuta faili haisumbuki hata kulifungua. Huenda kwenye orodha ya majina, ikalila jina herufi ya kwanza na kuweka alama mahali pake, kisha ikaandika kwenye jedwali lake kwamba nafasi zile ni huru. Basi. Maandishi yenyewe yanabaki yamelala gizani, kamili, yakingoja mojawapo ya mawili: kuitwa au kuandikwa juu yake. Ufundi wa kuyaita si wa jana; Mmarekani Peter Norton alijipatia jina tangu mwaka 1982 kwa programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Kwenye laptopu za siku hizi zenye diski za SSD mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa zipo zinazopewa amri iitwayo TRIM, diski ikafagia nafasi zilizoachwa muda mfupi tu baada ya kufuta. Huko nyumba hubomolewa mara tu jina likikatwa. Mimi nilibahatika kufanya upuuzi wangu kwenye chombo kisicho na haraka.

Orodha ikaanza kushuka. Kila jina lilikuwa limepotea kichwa, mahali pake pana alama ya kuuliza. Nikaona ?ARUA. Nikaona ?ICHA. Kisha ?ISA2022.xls, na kwa nukta moja nikadhani ni mtu, Isa, kama yule mtoto wa jirani, amejificha humo muda wote ananisubiri. Machozi yakanilenga.

Mbele ya jina palikuwa na duara dogo la rangi ya chungwa. La kijani, kijana akasema, ni zima. Jekundu ni maiti. La chungwa ni majeruhi. Akabonyeza kuangalia maelezo. Pale chini paliandikwa kwa Kiingereza kwamba sehemu ya faili hili imeandikwa juu yake na faili jingine, na jina la hilo jingine likatajwa waziwazi, F:\HISAMPYA.xls.

Kijana akasoma kimya. Akageuza kioo kuelekea kwangu, taratibu, kama mtu anayesogeza sahani mezani.

"Kumbe kiwanja ulijipa mwenyewe, mama."

Yale maneno ya kwenye kioo nimekaa nayo miaka sasa. Kilichonisumbua ni kwamba kosa la Alhamisi usiku halikuwa limeua kitu. Lilikuwa kosa kweli, la pupa na la uzembe, lakini usiku ule hesabu zote zilikuwapo, kila shilingi mahali pake. Kama ningechomoa ile flashi nikaitia mfukoni, nikalala, Jumatatu kijana angenirudishia faili zima kwa muda wa kunywa chai. Kilichoua ni Ijumaa. Zile saa nilizokaa kujenga jedwali la kujisetiri, kila nilipohifadhi, nilikuwa nachukua kipande cha ukweli na kuweka makisio yangu juu yake. Sikuwa nafunika shimo. Nilikuwa nalichimba, kwa bidii, na kwa mwandiko mzuri.

Haya si ya kikundi cha Ngamiani peke yake. Picha za Apollo 11, safari ya watu wa kwanza kutembea mwezini Julai 1969, zilirekodiwa kwenye kanda zenye ubora mkubwa kuliko ule walioonyeshwa watazamaji wa televisheni. Kanda zilipotafutwa hazikuonekana, na mwaka 2009 NASA ikahitimisha kwamba kwa uwezekano mkubwa zilifutwa na kutumiwa upya, kwa sababu miaka ile kanda zilikuwa adimu na kazi nyingine zilikuwa zinangoja. Hakuna aliyewachukia wale wanaanga. Waliozifuta walihitaji mahali pa kuandika tu. Ilibidi picha zisafishwe kutoka nakala zilizokuwa zimebaki kwenye vituo vya televisheni.

Ila kanda za mwezini hazinikoseshi usingizi kama shamba la Muheza. Marehemu baba alituachia michungwa kidogo kule, na mwaka 2009 kaka yangu na mimi tukakosana juu yake, jioni moja, kwa sentensi zisizozidi kumi. Hatukuwekana sawa kesho yake. Kila mmoja akaenda nyumbani kwake akaanza kusimulia: mimi kwa mume wangu, yeye kwa mkewe, kisha kwa watoto, kisha kwa mashangazi kwenye misiba. Kila nilipokisimulia nilikihifadhi upya, chenye nafuu kwangu kidogo kuliko mara iliyotangulia. Baada ya miaka kumi na miwili tukakaa na wazee kupatanishwa, mzee mmoja akauliza swali jepesi kabisa: siku ile mlisemezana nini hasa? Hatukujua. Naapa hatukujua, si mimi si yeye. Yeye alikuwa na HISAMPYA yake, mimi na yangu, na ile jioni yenyewe haimo tena popote. Tumepatana, alhamdulillah, lakini tumepatana juu ya jambo ambalo hakuna kati yetu anayelijua.

Turudi kibandani. Kijana hakulirudisha faili kwenye flashi ileile. Alilihamishia kwenye diski yake kwanza, maana kurudisha palepale nako ni kuandika juu. Hata programu ya kutafutia, akasema, watu huipakua na kuiweka kwenye diski hiyohiyo wanayotafuta ndani yake, wakamalizia walichokuja kuokoa. Kisha akalifungua. Ukurasa wa hisa ulikuwa mzima, safu kwa safu, kama nilivyouacha. Ukurasa wa mikopo ulikuja mpaka mwisho wa Julai, chini yake pakawa na viboksi na alama za ajabu kama nyayo za kuku. Marejesho yalikuwa vipande. Faini hazikupona hata moja, na nadhani wapo walioshukuru. Akanitoza shilingi 15,000, akaongeza na ushauri wa bure: "Siku nyingine, mama, ukifuta kitu, toa mikono."

Ijumaa baada ya magharibi nilikwenda kwa mwenyekiti. Ni bi mkubwa wa miaka sabini na kitu, alikuwa anachambua mchele chini ya taa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo ndani ya wiki?"

Nikamwambia yote, toka kaswida hadi kwa fundi. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akapuliza ungo, akasema, "Mficha uchi hazai." Halafu, nilipotulia nikidhani sasa ataniambia tutalizungumzaje: "Kesho utayasema mwenyewe. Mimi sikusemei."

Nikayasema. Nilisimama barazani mbele yao nikaanza na Alhamisi, sikuanza na fundi, ingawa ulimi ulitaka sana kuanza na habari njema. Nilipofika pale pa kubuni, mwuza mandazi akaruka: "Kwa hiyo Jumamosi ile ulitusomea hadithi?" Nikasema ndiyo, nilisoma hadithi. Palikuwa na kimya ambacho sikukijua. Darasani kimya huwa changu, hiki kilikuwa chao. Wakanitoza faini ya shilingi 20,000, ya kufuta 5,000 na ya kuficha 15,000. Mgawanyo huo aliupendekeza fundi cherehani, na mpaka leo sioni hakimu gani angefanya vizuri zaidi.

Kisha kazi ikaanza. Mwenyekiti akasema kila mtu asimame ataje deni lake mbele ya wenziwe, alipokopa na alivyorudisha, nami niandike kwa kalamu. Nilitarajia fujo. Nilichokiona nakitamani hata leo. Hawakukumbuka kwa tarehe, walikumbuka kwa maisha. Mwuza mandazi: "Nilichukua laki moja Jumamosi ya kabla ya sensa." Sensa ilikuwa Jumanne ya tarehe 23 Agosti, kwa hiyo Jumamosi ni tarehe 20. Aliyeketi jirani yake: "Kweli, ulikuwa unalia mafuta ya kupikia yamepanda, ukasema ukikosa hizi unafunga biashara." Mwingine alikopa juma shule zilipofunguliwa Julai. Mwingine wiki mumewe alipoanguka na pikipiki, na wote wakaitikia, ah, ndiyo, tulikuja kukupa pole tukakukuta unahesabu noti. Deni la mmoja lilikuwa limeshikwa na watatu wanne bila wao kujua wamelishika. Tulianza saa tisa, adhana ya magharibi ikatukuta kwenye jina la kumi na tisa, tukamaliza Jumamosi iliyofuata. Wengine walirudi na vile vitabu vya hisa, vimejikunja, kimoja kina alama ya chini ya kikombe cha chai.

Zamu ya muuza samaki ilipofika hakusimama sana. "Laki moja na themanini, Katibu anajua." Mkopo wake ulikuwa kwenye ukurasa uliopona, mstari wa tatu kutoka mwisho, kabla ya nyayo za kuku: shilingi 240,000, Jumamosi ya mwisho ya Julai. Marejesho mawili ya 30,000 aliyoyataja yalikumbukwa na watu wawili. Laki moja na themanini kamili.

Najiuliza mara nyingi ingekuwaje kama angenyamaza. Shilingi 30,000 ni ndoo ngapi za samaki? Hakuna ambaye angemshika. Mimi niliyepotosha ndiye niliyekuwa na dhamana ya kupima, na kipimo nilikuwa nimekivunja. Wengine wawili, tuligundua, nilikuwa nimewapunguzia pia, nao hawakunifuata njiani. Pengine hawakusikiliza, sitaki kuwawazia vibaya. Mmoja nilimwongezea, naye alikuwa amekwisha mwambia dada yake kwamba Katibu ni mwizi. Hakuwa mbali.

Mwisho wa yote zikapungua shilingi 40,000 ambazo hazikuonekana kwa mtu wala kwa karatasi. Yawezekana yuko aliyezishika akanyamaza. Yawezekana nilikosea kujumlisha tangu Machi. Zilikatwa kwenye mgao wangu Desemba, sikubisha.

Baadaye, katika kujifariji, nilisoma kisa cha filamu ya Toy Story 2. Mwaka 1998 pale Pixar mtu aliendesha amri ya kufuta mahali pasipostahili, wahusika wakawa wanatoweka mmoja mmoja kwenye vioo huku watu wanatazama. Kukimbilia nakala za akiba, wakakuta mtambo wa kuzihifadhi haukuwa ukifanya kazi ipasavyo kwa wiki kadhaa na hakuna aliyejua. Filamu ilipatikana nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi, ambaye alikuwa amejifungua karibuni na amewekewa kompyuta nyumbani ili afanye kazi akiwa na mtoto. Wakaizungushia mablanketi, wakaileta kwa gari taratibu kama mgonjwa. Kampuni nzima ya wataalamu, na nakala iko kwa mzazi. Mwenyekiti nilipomsimulia hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama yule mama walimlipa.

Wataalamu wana kanuni yao ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Sisi tunayo kwa mtindo wetu. Faili limo kwenye laptopu, limo kwenye flashi ambayo siku hizi inakaa kwa mweka hazina, na ndani ya sanduku limo daftari la kaunta lenye jalada gumu. Mjukuu wa mwenyekiti ameliandika juu kwa kalamu nene: Mali bila daftari hupotea bila habari. Vitabu vya hisa vinagongwa muhuri kila Jumamosi, asiyekuja nacho hanunui hisa. Faili la HISAMPYA sijalifuta. Nimelibakiza kwenye ile flashi ya GB 4, droo ya kabati, pamoja na bahasha ya dawa. Kicheni pati ilipita bila video yangu.

Na kabla ya kufunga, mwenyekiti anauliza tena, "Tumefunga na ngapi?" Watu ishirini na saba wanaitikia, mtaa wa pili wanasikia sauti ingawa hawapati tarakimu, kwa kuwa tunafunga mlango kwanza. Laptopu huwa imezimwa wakati huo, ni sheria. Jumamosi iliyopita tumefunga na kiasi ambacho siruhusiwi kukiandika hapa. Asiyekikumbuka Jumamosi ijayo atatoa shilingi 500, kama zamani, na mpaka sasa aliyezitoa mara nyingi kuliko wote ni katibu.